Ford Sierra au Mazda MX-5: gari lipi livunjwe?

Kwa anayejijengea gari la mtindo wa Lotus Seven (gari dogo jepesi la michezo, lililo wazi) kule Uingereza, gari kuukuu la kuvunjwa ili kutoa vipuri lilikuwa Ford Sierra (1982–1993). Husukumwa na magurudumu ya nyuma, na injini zake za kabureta hazihitaji nyaya nyingi. Lakini Sierra zimeadimika, nyingi zimeliwa na kutu.

Mimi ningechukua Mazda MX-5, iliyoanza kuuzwa 1989. Injini ya kamshafti mbili, giaboksi, difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma) na breki vyote unavipata kwenye gari moja, na hata bodi ikioza, injini mara nyingi bado ni nzima. Kazi iko kwenye difu: kiwandani imeunganishwa na giaboksi kwa fremu ndefu ya alumini. Ukiitoa fremu hiyo, lazima uchomelee vishikio vipya vya difu kwenye gari unalojenga, tena imara. Nunua gari zima, linalowaka, ulisikilize kabla ya kulifungua.