Uzoefu wangu na AutoHotkey na NirCmd kwenye laptop ya mitambo ya kanisa, Uyole

Habari zenu wakuu. Mimi nashika laptop ya mitambo kanisani kwetu huku Uyole, Mbeya, mwaka wa tatu sasa. Maneno ya nyimbo kwenye projekta, mistari ya Biblia, biti za kwaya, vyote vinatoka kwenye laptop moja ambayo waya wake unaenda kwenye mikisa (ile mashine ya kuchanganya sauti) kule mbele. Na anayeshika mikisa ndo huyohuyo anayepiga gitaa la besi, kwahiyo wimbo ukishaanza mikono yake imejaa, sauti ya biti inabaki kwangu huku nyuma. Laptop yenyewe ni ya mtumba, wanakwaya tulichanga tukaichukua Mwanjelwa, iko vizuri tu ila vitufe vya kupandisha na kushusha sauti vimekufa kabisa.

Mtu atasema si ubonyeze kale kaspika pale chini kulia uvute. Nimevuta sana. Juni na Julai huku kwetu asubuhi vidole vinakufa ganzi, unahangaika na kale kamstari kembamba, unataka 40 inaruka 75. Kuna Jumapili mama mmoja alikuwa anatoa ushuhuda wa mwanae kupona, biti inapiga taratibu nyuma yake, nikataka niishushe kidogo asikike vizuri, kidole kikateleza sauti ikapanda mpaka juu. Mama alishtuka, akanyamaza, akashindwa kuendelea akarudi kukaa. Jioni nilienda kwake kumwomba radhi, akaniambia mwanangu hamna neno, lakini mimi usiku ule sikulala, nilikaa natafuta dawa.

Nilianza na NirCmd ya NirSoft. Ni kaprogramu ka bure ka kuiamuru Windows kwa maandishi, haifiki hata MB moja, hamna cha kuinstoli, unaitoa kwenye zip unaiweka kwenye folda, halafu unaandika mstari mmoja kwenye Notepad unausevu kama .bat, yani faili ambalo ukilibonyeza Windows inafanya kilichoandikwa ndani, basi. Antivirasi yangu iliifuta mara ya kwanza na nimekuja kujua hiyo inawatokea wengi kwa vitu vya NirSoft, kwahiyo ichukue kwenye saiti yao wenyewe, usipokee ya kwenye flashi ya mtu.

Sasa hapa pana kitu kimoja ukikijua mapema utaokoa muda. Niliandika hivi nikitegemea ipande hadi mwisho:

nircmd.exe setsysvolume 100

Kimya. Nikaangalia waya, nikaangalia spika, nikazima nikawasha, nusu saa nzima. Kumbe NirCmd haihesabu kwa asilimia, inahesabu kuanzia 0 mpaka 65535, kwahiyo 100 yangu ilikuwa kama hakuna sauti. Ukitaka asilimia 20 andika 13107, ukitaka nusu andika 32767. Ukishaelewa hapo mengine ni mepesi, changesysvolume inaongeza au kupunguza kutoka ilipo, na mutesysvolume 2 inazima kama imewashwa na kuwasha kama imezimwa.

Nilichoipendea zaidi ni setappvolume, hii inagusa programu moja tu, na yenyewe inahesabu 0 mpaka 1. Naandika setappvolume chrome.exe 0 na brauza inakuwa bubu huku biti inayopigwa na VLC, programu yetu ya muziki, inaendelea kama kawaida, ile ya tangazo la video kuropoka katikati ya maombi imeisha kwetu. Ila brauza iwe imeshafunguliwa, vinginevyo haina cha kukishika. Na kafaili kengine ka .bat nimekaweka kwenye folda ya startup, unabonyeza kitufe cha Windows na R unaandika shell:startup, kwahiyo hata umeme ukikatika na betri yetu ilivyochoka laptop ikazima, ikiwaka tena inaanzia asilimia 20 na sio pale ilipoachwa na vijana wa mazoezi ya Jumamosi.

Shida ya .bat ni kwamba inabidi uibonyeze kwa mausi, na mimi nilitaka kitufe. Hapo ndo nikahamia AutoHotkey, programu ya kukipa kitufe cha kibodi kazi unayoitaka, nayo ni ya bure, na kwa kazi ya ibada hii ndo nimeipenda kweli. Kuweni makini na toleo tu. Skripti (yale maandishi ya amri unayoipa) nyingi utakazokuta mtandaoni ni za zamani, zimeandikwa SoundSet, +5, ukizipeleka kwenye toleo la 2 lililotoka mwishoni mwa 2022 zinaleta erro, huku ni SoundSetVolume. Na ile jumlisha lazima iwe ndani ya alama za kunukuu, ukiandika +5 bila alama inaelewa unataka sauti iwe 5, sio iongezeke 5. Mimi nimeandika hivi:

F8::SoundSetVolume "-2"
F9::SoundSetVolume "+2"

Mbili mbili, makusudi. Kanisa letu ni bati tupu halina dari, na wanaojua mvua za huku za Januari na Februari wananielewa, inakuja ghafla unakuwa husikii hata jirani yako. Zamani nilikuwa naipandisha kwa fujo, mvua ikikata sauti inabaki inawapigia watu masikioni. Sasa hivi mvua inavyoongezeka na mimi nagonga F9 taratibu, ikipungua nagonga F8, na waliokaa hata hawajui kama kuna mtu anafanya kitu.

Halafu kuna F10, hii ndo nimekaa nayo wiki nzima mpaka ikakubali moyoni:

F10::
{
Loop 30
{
SoundSetVolume "-2"
Sleep 150
}
}

Inashusha 2 mara 30, kila mara inapumzika milisekunde 150, yani kutoka 60 hadi sifuri inachukua kama sekunde nne na nusu. Mwanzo niliweka 50 ikawa inakata haraka, nikaweka 300 mchungaji akawa ameshaanza kuongea biti bado iko. Nilikuwa nakaa na mwalimu wa kwaya baada ya mazoezi, yeye anaimba mstari wa mwisho mimi nabonyeza, mpaka akasema hapo hapo, usiguse tena. Mchungaji akiinua mkono kuomba nabonyeza F10, muziki unaondoka wenyewe pole pole kama mtu anatembea kwenda mbali. Mtu akiniuliza nimepata faida gani namwonyesha hizo sekunde nne na nusu.

F11 inarudisha 60 kwa ajili ya wimbo unaofuata.

Kitu bado kinanisumbua ni kwamba skripti inafata kile kifaa cha kutoa sauti ambacho Windows imekiweka cha kwanza. Tukichomeka ile kadi ya sauti ya USB, wakati mwingine Windows inahama, mimi nagonga F9 napandisha spika ambayo haijaunganishwa popote. Nimeongeza kitufe kingine chenye MsgBox SoundGetName() kinachoniandikia jina la kifaa kinachotumika muda huo, nakibonyeza kabla watu hawajaingia, projekta ikiwa bado imezimwa. Yule mama wa ushuhuda ameniambia atasimama tena mwezi ujao kumalizia, na faili la Jumapili hiyo nimeshaliandaa, F10 yake nimeiwekea milisekunde 200 kwa sababu anaanza kuongea taratibu.