Chenso ya mtumba: nilinunua mbili, moja ndiyo inafanya kazi

Nina ekari nne za misindano nje kidogo ya Mafinga, na mwaka jana zamu ya kupunguza miti ilifika. Kukodi chenso, ule msumeno wa injini, pamoja na mwendeshaji kila siku kulikuwa kunanimaliza, nikaamua ninunue yangu. Bei ya mpya sikuiweza, ikabidi nitafute iliyotumika.

Ya kwanza ilikuwa na rangi za Stihl na stika inayong'aa ya MS 381. Muuzaji akavuta kamba mara moja tu, ikanguruma mtaa mzima. Nikatoa 650,000 palepale. Shambani ilikata miti mitatu, ikazima. Nilivuta kamba mpaka bega likaniuma. Nikiiacha ikapoa inawaka, ikishika moto inagoma.

Fundi niliyempelekea hakuigusa hata kabureta. Alifungua sailensa, zile skrubu chache tu, akamulika na tochi ya simu kwenye tundu la kutolea moshi. "Mzee, njoo uone mwenyewe." Pistoni ilikuwa na michirizi ya wima, kama imepitishwa tupa. Mashine ilishanyweshwa petroli isiyo na oili ya kutosha, ringi zikaikwangua silinda. Kisha akanionyesha ubavuni: Stihl halisi ina namba ya tarakimu tisa kwenye bodi la injini. Langu lilikuwa tupu. Yaani hata stika ilikuwa ya bandia. Iliniuma sana, maana ile ilikuwa pesa ya mbao.

Ya pili niliipata kwa jamaa aliyekuwa akiacha kazi ya kuvuna miti. Safari hii nilikwenda na fundi wangu, na nilimlipa nauli na posho bila kunung'unika. Tulikuwa tumemwomba mwenyewe asiiwashe kabla hatujafika. Baada ya kamwene, yaani salamu, na chai, fundi akaigusa, ilikuwa baridi kabisa. Akaishika kwa mpini wa kamba tu, akaiacha ining'inie. Nzima hushuka kwa kusitasita, kwa sababu mgandamizo unaizuia. Iliyokwisha hudondoka moja kwa moja. Hii ilisitasita. Sailensa ikafunguliwa, pistoni safi. Namba ipo.

Tukaiwasha, tukaiacha kwenye mzunguko mdogo: mnyororo ulitulia, haukuzunguka. Tukaelekeza ncha ya baa, ule ulimi wa chuma unaobeba mnyororo, kwenye kisiki cheupe na kubonyeza mafuta. Baada ya muda mfupi ukajichora mstari mwembamba wa oili, ndiyo pampu ya mnyororo inafanya kazi. Breki ya mkono ikanasa. Hili la breki nalisisitiza, maana mitumba mingi nimekuta kishikio chake kimevunjika na mtu anaambiwa "haina shida". Ina shida. Ncha ya baa ikirushwa na gogo, kitu kinachousimamisha mnyororo kabla haujakufikia usoni ni breki hiyo.

Nililipa 1,100,000, tukaandikiana karatasi mbele ya mtendaji wa kijiji na namba ya mashine ikiwemo, ili kesho mtu asije akasema imeibwa.

Sasa inaingia mwezi wa kumi na moja. Nimebadilisha raba mbili za kuzuia mtetemo, plagi na mnyororo. Baa naigeuza kila ninaponoa sana, ili isilike upande mmoja. Mafuta nachanganya mwenyewe: lita 5 za petroli kwa mililita 100 za oili ya Stihl yenyewe ya tuu tee, ile ya injini zinazochanganyiwa oili kwenye petroli. Ukitumia oili ya tuu tee ya kampuni nyingine, weka mililita 200. Kijana wa kazi alizoea kukadiria kwa kifuniko, nikamnunulia chupa yenye mistari.

Kasoro zipo. Kwa kupunguza miti midogo ni nzito, mkono unachoka kufikia saa sita, na kama ningekuwa na miti myembamba tu ningetafuta ndogo zaidi. Lakini kwa misindano iliyokomaa inakata vizuri, na hadi leo haijawahi kunigomea ikiwa na moto.

Ile ya kwanza fundi aliinunua kama vipuri kwa 80,000. Nikamwomba aichane ile stika kabla haijatoka gereji, akaichana mbele yangu.