Makumbusho ya Kasri, Forodhani: msiharakishe ghorofa ya juu

Mwaka 2019 nilimpeleka mama Unguja, na siku ya pili tukaingia Beit al-Sahel, lile kasri jeupe la masultani linalotazama bahari pale Mizingani. Papasi mmoja, wale vijana wanaowafuata wageni mitaani, alituambia nje kwamba nusu saa inatosha. Haitoshi hata kidogo. Tulikaa karibu saa tatu.

Kasri la mwanzo lilibomolewa kwa mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, Khalid bin Barghash alipojitawaza bila ridhaa yao. Vita vyenyewe havikutimiza saa moja. Hili tunaloliona lilijengwa baadaye, na Seyyid Khalifa bin Haroub ndiye aliyekaa humu muda mrefu zaidi, tangu 1911 hadi alipofariki 1960. Baada ya Mapinduzi likawa ofisi za serikali, na mwaka 1994 likafunguliwa kuwa makumbusho.

Chini kuna habari za mikataba ya biashara: Marekani 1833, Uingereza 1839, Ufaransa 1844. Ukipanda unakuta enzi za Seyyid Barghash, aliyeleta maji ya bomba mjini. Kipo pia chumba cha Salme, binti wa Seyyid Said aliyejifundisha kuandika kwa siri, kisha akaondoka 1866 na kuolewa na Mjerumani. Hapo mama alisimama kimya muda mrefu.

Lakini uhondo wote uko juu kabisa, kwenye vyumba alivyoishi Khalifa na wake zake wawili. Nilitarajia dhahabu na fahari. Nikakuta vyumba vya watu. Kila mke alikuwa na ladha yake ya samani, na inaonekana mara moja ukitoka chumba kimoja kuingia cha pili, kama unavyojua nyumba ya dada na ya wifi bila kuambiwa. Kisha tukafika kwenye kabati la fomika. Ndiyo, fomika, ile ile ya kung'aa inayofutwa kwa kitambaa kibichi. Mama akainama, akaitazama kona yake, akacheka: "Mwanangu, si kama la bibi yako Ngamiani hili?" Kwangu mimi kabati lile lilieleza miaka ya mwisho ya usultani kuliko picha zote kubwa zilizotundikwa ukutani. Nashukuru kwamba aliyepanga makumbusho hakuliondoa kwa kuliona la kawaida mno.

Nawashauri mwende asubuhi, mchukue mtembezaji wa mle mle ndani, na muanzie juu kabla miguu haijachoka. Ila jengo jirani, Beit al-Ajaib, liliporomoka sehemu Desemba 2020, kwa hiyo ulizeni kwanza kama milango iko wazi kabla ya kukata tiketi ya boti.

Kabla ya kushuka tulisimama dirishani. Bandari yote iko mbele yako. Kwenye maji hayo hayo ndiko alikopita Jamshid, mjukuu wa Khalifa na sultani wa mwisho, akikimbia kwa meli tarehe 12 Januari 1964, na kabati likabaki.