Saa Moja Mkekani: Maoni Yangu Kuhusu Kikundi cha Kusoma Pamoja na Watoto

Nimekuwa fundi wa nguo kwa miaka 31, na nguo yoyote nikiishika naigeuza kwanza nione mshono wa ndani. Huduma hii nayo nimeigeuza. Nimekaa nayo miezi saba, kila wiki isipokuwa wiki mbili ambazo mjukuu wangu alikuwa na homa, na sasa naona naweza kuwaambia wazazi na walezi wenzangu kama inafaa.

Inafaa. Yapo mambo ya kurekebisha, nitayataja, lakini kama una mtoto ambaye hajaanza shule, mpeleke.

Kikundi chenyewe ni cha watu wa kujitolea wanaokutana na watoto mara moja kwa wiki kwa saa moja. Wanapokea watoto wa kuanzia mwaka mmoja na nusu hadi sita. Malipo hakuna. Unaandikwa kwenye daftari, unaazima vitabu viwili ndani ya mfuko wa kitambaa, unavirudisha wiki inayofuata. Sharti ni moja tu: kila mtoto aje na mtu mzima wake, na mtu mzima huyo akae mkekani na mtoto mpaka mwisho. Siku ya kwanza sharti hili lilinikera. Nilikuwa na magauni mawili ya kumalizia, na nilidhani nitamwacha mtoto pale nirudi kumchukua. Dada anayeongoza akaniamkia, akanisogezea mto wa kukalia, akasema, "Bibi, hapa tunakusubiri wewe kabla ya mtoto." Nikakaa, ingawa moyo ulikuwa kwenye cherehani.

Nilikuwa na sababu ya kutokuwa na imani. Kabla ya hapo kuna kundi jingine liliwahi kutufikia, limekuja na maboksi, likagawa vitabu, likapiga picha na watoto, likaondoka. Vitabu vilikuwa vizuri kwa macho, karatasi inang'aa, lakini lugha yake si ile ambayo watoto wetu wanaamka nayo, na hakuna aliyetuonyesha tuvifanyie nini. Cha kwetu kilikaa juu ya kabati mwaka mzima. Nilikuwa nakifuta vumbi kama chombo cha mgeni.

Sasa niwaeleze kilichonibadilisha. Mjukuu wangu alikuwa na miaka mitatu na nusu, na maneno yake yalikuwa machache. Kitu akikitaka anakinyooshea kidole. Siku ile dada alifungua kitabu cha picha kuhusu kuku na vifaranga waliokutwa na mvua. Ukurasa mzima maneno manne. Mimi ningeyasoma yale manne nikafungua ukurasa unaofuata. Yeye aliyasoma, kisha akauliza, "Huyu mdogo yuko wapi?" Halafu akanyamaza. Alinyamaza kweli. Nikahesabu moyoni, moja, mbili, tatu, nne, tano, na ulimi ukaniwasha nimjibie mtoto. Dada akanitazama tu, nikaelewa. Nilipofika sita mtoto akasema, "Amejificha."

Dada hakusema "hongera" halafu akaendelea mbele. Alisema, "Ndiyo, amejificha chini ya jani, kwa sababu anaogopa mvua." Akasubiri tena. Mjukuu wangu akarudia taratibu, "Amejificha chini ya jani."

Jioni ile nilikuwa natafuta ndara zangu. Mtoto akapiga magoti, akachungulia, akaniambia, "Bibi, ndara zimejificha chini ya kitanda." Neno "amejificha" alikuwa ameshaligeuza mwenyewe akaliweka kwenye ndara, "zimejificha", bila mtu kumfundisha. Nilikaa pale kitandani na ndara mkononi, sikuweza kuinuka mara moja.

Wiki iliyofuata niliuliza mbinu hii wameitoa wapi. Dada akatueleza kwamba ilichunguzwa Marekani na mtaalamu aitwaye Grover Whitehurst na wenzake, waliochapisha matokeo yao mwaka 1988. Waliwachukua wazazi wa watoto wa miaka miwili hivi, wakawafundisha nusu yao namna ya kuuliza na kusubiri, na nusu nyingine wakaiacha isome kama ilivyozoea. Baada ya mwezi mmoja, watoto wa wazazi waliofundishwa walikuwa wamewatangulia wenzao katika kuzungumza kwa miezi kati ya 6 na 8.5, kutegemea kipimo kilichotumika. Miezi tisa baadaye walipopimwa tena, tofauti ilikuwa bado ipo, ila imepungua. Mimi hapo pa kupungua ndipo niliposikiliza zaidi. Ndiyo maana naona vema kwamba kikundi hiki kinakutana kila wiki na hakikuandaliwa kama semina ya siku mbili.

Sisi walezi tumefundishwa hatua nne, na tumezikariri kwa maneno yetu: chochea, pokea, panua, rudia. Unamchochea mtoto aseme kitu kuhusu picha, unapokea alichosema, unakipanua kwa neno moja au mawili, kisha unampa nafasi arudie. Hatua ngumu kwa watu wazima ni ile ya kwanza, kwa sababu ukishauliza lazima ufunge mdomo.

Kitu kingine kilichonigusa ni namna wanavyowachukua watu wazima wasiojua kusoma. Kuna mzee mmoja anayeleta mjukuu wake wa kike, na siku za mwanzo alikuwa anakaa pembeni kabisa karibu na mlango. Dada alimpa kitabu kisicho na neno hata moja, picha tupu. Mzee akaanza kusimulia, na sauti yake ni nzuri, ya mtu aliyesikilizwa maisha yake yote. Watoto watano wakamsogelea, pamoja na wa kwangu. Tangu siku ile hakai tena mlangoni. Kitabu cha picha tupu hakimuumbui mtu, na mtoto anapata yale yale: anajifunza kitabu kinashikwa vipi, kinafunguliwa upande gani, na kwamba kisa kina mwanzo na kinakwenda mahali.

Watoto wakubwa kidogo wanapigiwa makofi ya silabi. Ki-fa-ru, makofi matatu. Pu-nda, makofi mawili. Lugha yetu inasaidia sana hapa, kwa sababu silabi zake zinasikika wazi na herufi inasomwa jinsi ilivyoandikwa. Mtoto aliyezoea kulikata neno kwa makofi akikutana na "ki" ubaoni siku moja atakuwa amekwisha kulifahamu sikioni.

Wapo pia wenye watoto wachanga. Nilidhani wanapoteza muda, mpaka nesi mmoja anayejitolea nasi akatuambia kwamba mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa mwongozo unaohimiza familia kuwasomea watoto kwa sauti tangu uchanga. Mtoto wa miezi minane anakitafuna kitabu, hilo ni kweli, lakini anamtazama mama usoni wakati anasoma, na mama anamtazama yeye.

Kuhusu vitabu vyenyewe. Vingi vimechapishwa kutoka African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini uliofungua tovuti yake mwaka 2014, na vingine kutoka StoryWeaver ya Pratham Books ya India, iliyofunguliwa mwaka 2015. Hadithi za huko zina leseni huria, maana yake unaweza kuzichapisha, kuzitafsiri na hata kuzibadilisha ilimradi uwataje waliozitunga. Kiswahili kipo kote kuwili. Zimepangwa kwa ngazi, kuanzia zile za neno moja kwa ukurasa hadi za aya ndefu ambazo mtu mzima anamsomea mtoto.

Hapa ndipo lawama yangu ya kwanza. Wanaochapisha walikuwa wanabana kurasa kwa pini za stepla, na pini za stepla zinachomoka. Wiki ya nne mtoto mmoja alichomwa kidole, kurasa zikamwagika, na kitabu kikaazimwa kikiwa kimekosa mwisho. Nililisema mbele ya wote. Halafu wiki iliyofuata nikaja na sindano nene na uzi mzito. Kitabu chembamba kinataka matundu matatu tu kwenye mkunjo. Sindano inaingia tundu la kati, inatokea la juu, inaruka hadi la chini, inarudi kutokea kati, na fundo linafungwa juu ya ule uzi mrefu. Niliwafundisha akina mama wawili na kijana mmoja, na kwa mwezi mmoja tukashona vitabu 46. Hakuna hata kimoja kilichofumuka mpaka leo. Mjukuu wangu akikishika chochote kati ya hivyo anagusa fundo kwanza, anasema, "Hiki cha Bibi."

Nawasifu viongozi kwa kulipokea hili. Sikuambiwa "asante kwa maoni." Niliambiwa, "Bibi, sindano ziko ngapi?"

Lawama ya pili bado haijatatuliwa, na ni kubwa kuliko ya stepla. Wanakutana katikati ya wiki, mchana. Anayeweza kuja saa hiyo ni bibi, babu, au mama aliyejifungua karibuni. Wazazi wanaotoka alfajiri na kurudi usiku hawajawahi kuiona mbinu hii kwa macho yao, na hao ndio wanaolala na watoto. Binti yangu, mama wa mtoto huyu, anafanya kazi mbali, na yote anayoyajua ameyasikia kwangu kwa simu. Nimeomba mara tatu waongeze saa moja mwishoni mwa wiki. Wanasema wajitoleaji hawatoshi. Mimi nimejiandikisha kuongoza, na mzee wa picha tupu naye amejiandikisha. Naomba atakayesoma hapa na ana saa moja aje, tufike watano.

La tatu ni dogo ila linauma. Mmoja wa wajitoleaji, kijana mwenye nia njema, anageuza kusoma kuwa mtihani. "Hii herufi gani? Na hii? Na hii?" Nilimwona mtoto wa miaka minne aliyekuja anacheka akainamisha kichwa, na ukurasa wa tatu akakifunga kitabu kwa mkono wake. Herufi zina wakati wake. Mtoto akilifunga jalada mwenyewe, basi muulizaji amekosea. Nilimweleza kijana baadaye faraghani, kwa upole, na wiki hizi naona anajaribu kuuliza, "Unadhani nini kitatokea?" Hilo ni swali zuri.

Na vitabu viwili kwa wiki havitoshi. Mjukuu wangu anavimaliza siku ya kwanza, ingawa nakiri kwamba kuvirudia ndiko kunakomfaa. Kile cha kifaranga tumekisoma mara nyingi kiasi kwamba siku hizi yeye ndiye anayenisomea. Anaweka kidole chini ya maneno, kidole hakilingani na maneno anayosema, lakini kinakwenda kutoka kushoto kwenda kulia na kinashuka mstari unapoisha. Akifika ukurasa wa mvua ananitazama, anauliza, "Bibi, huyu mdogo yuko wapi?" Halafu ananyamaza, ananisubiri mimi. Wiki iliyopita alimfanyia hivyo mama yake kwa simu. Binti yangu hakuwa anaiona picha, akakaa kimya, na mtoto hakumsaidia, alisubiri tu. Mwishowe nikasikia binti yangu anasema kwa sauti ndogo, "Amejificha?"

Mtoto akamjibu, "Ndiyo, mama, amejificha chini ya jani, kwa sababu anaogopa mvua."

Kwa mtakaokuja: fikeni robo saa mapema kwa ajili ya kuandikwa, njooni na mfuko wenu wa kitambaa maana ya kikundi imebaki michache, na mwenye miwani ya kusomea aje nayo, kwa sababu maandishi ya vitabu vya ngazi ya juu ni madogo. Kitabu cha kifaranga kipo kimoja tu, na kinagombewa. Nimeanza kushona cha pili.