Daraja la kwanza kwenda Hawaii: mama yangu aliambiwa foleni hii si yake

Nilisubiri hasira zipoe ndipo niandike. Hazijapoa, basi naandika nazo hivyo hivyo.

Mwaka jana, kipindi cha baridi, nilimkatia mama yangu tiketi ya daraja la kwanza kutoka Los Angeles kwenda Honolulu. Nimebeba boksi nchi hii miaka kumi na minne, na hii saba ya mwisho nahudumia wazee zamu za usiku. Kila bibi niliyemgeuza kitandani nilikuwa namuona mama. Kwa hiyo alipopata viza akaja kutoka Tanga, nikajiapiza kwamba kwa goti lile habanwi kwenye viti vya nyuma. Los Angeles na Honolulu zimeachana zaidi ya kilomita 4,000, kama mtu atoke Dar mpaka Cairo, na njia nzima ni bahari. Bado inahesabika safari ya ndani, kwa sababu Hawaii ni jimbo la Marekani tangu 1959. Pasipoti ya mama ilitumika kama kitambulisho tu. Alishangaa: "Kwa hiyo hawagongi muhuri? Kama twenda Unguja?" Ndiyo mama, kama Unguja.

Upana wa kiti na idadi ya mabegi mtasoma wenyewe wakati wa kukata tiketi. Mimi nataka kusema dakika mbili za getini.

Mama alivaa kisutu kipya. Alikuwa amekifukiza udi tangu alfajiri, chumba kizima cha hoteli kikanukia kama nyumba ya harusi. Mkononi fimbo yake. Kiti cha magurudumu alikikataa, akasema bado hajafika huko. Walipoita daraja la kwanza nikamwambia, tangulia mama, nafunga zipu ya begi. Mbele yake kulikuwa na mwanamume wa kizungu, kaptula na ndala, akapita bila kuulizwa neno. Akafika mama, ameshika simu yangu kwa mikono miwili. Bodingi pasi ilikuwa wazi tayari, na nilikuwa nimemwambia asiguse kioo isije ikafunga. Kijana wa getini hakuitazama ile simu. Alitazama kisutu. Akanyoosha mkono, kiganja mbele kama trafiki anayesimamisha gari, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye viti vya nyuma kwamba hii ni foleni ya daraja la kwanza, kundi lao litaitwa baadaye, asogee awapishe wenzake.

Mama hajui Kiingereza, lakini kiganja anakijua. Akasogea. Fimbo ikagonga kile kinguzo cha kamba, kikayumba, akakishika kisianguke. Kisha akanigeukia, akasema taratibu, "Nisamehe mwanangu, nimekosea foleni."

Aliyeomba radhi ni yeye. Mwanamke aliyetusomesha wanne kwa maandazi na kibanda cha nazi pale Ngamiani, anaomba radhi kwa kusimama mahali ambapo mwanawe amelipia. Nikamsogezea yule kijana simu, nikaibandika kwenye mashine mwenyewe. Ikalia, taa ya kijani ikawaka. Nikamtazama usoni nikingoja. Akasema, "Safari njema." Nikamuuliza, humwambii hata pole? Alishamgeukia mtu wa nyuma yetu.

Najua yupo atakayesema kijana alichoka, watu ni wengi, alikosea tu. Nami nachoka. Saa tisa za usiku nabadilisha watu wazima nepi, wengine wananitukana na wengine wananipiga makofi, na sijawahi kumnyooshea mtu kiganja. Tena kukosea kungekuwa kuangalia tiketi na kuisoma vibaya. Yeye hakuiangalia.

Ndani ya ndege ndipo nilipoona alichokiharibu. Kiti kilikuwa cha kulala kabisa, kile ambacho kwa njia nyingi za ndani za Marekani hukipati hata ukilipa daraja la kwanza. Mama alikaa wima. Mikono juu ya mapaja, miguu imebanwa pamoja, begi lake kalipakata. Mto hakuugusa. Blanketi lilibaki kwenye mfuko wake. Nikamwonyesha kitufe cha kuegemea, akaushika mkono wangu: "Acha, watasema tena." Chakula kilipoletwa hakufunua mpaka nilipofunua changu. Nilikuwa nimedunduliza karibu miaka miwili ili mama yangu alale juu ya bahari ile, na amekaa kama mgeni aliyeingia nyumba asiyoalikwa.

Sasa hapa lazima niseme kweli, kwa sababu ningeweza kukomea hapo na ningekuwa nimemdhulumu mtu. Kulikuwa na mhudumu mmoja, mama wa makamo, nywele zimeanza mvi. Kama saa nzima hivi baada ya kuruka alikuja akachuchumaa pembeni ya mama, si kuinama, kuchuchumaa kabisa, magoti karibu yaguse zulia. Hakuniuliza mimi. Alimuonyesha mama goti lake mwenyewe, akakunja uso kama anaumwa, kisha akaelekeza kidole kwenye goti la mama. Mama akacheka, mara ya kwanza tangu getini. Yule mama akashusha kiti taratibu, kidogo kidogo, akisimama kila mara kumtazama kama yuko sawa. Akaweka mto chini ya goti, akamfunika mpaka mabegani. "Ahsante mwanangu," mama akamwambia kwa Kiswahili, naye akamjibu kwa Kiingereza, na walielewana. Mama alilala kwa muda wa karibu saa tatu. Mimi nilibaki nautazama mguu wake. Alipofika kutoka Tanga baada ya ndege tatu, kifundo kilikuwa kimejaa mpaka kiatu hakivuki. Tuliposhuka Honolulu alivaa viatu mwenyewe.

Kwa hiyo nilianza kuandika haya niwaambie msipande, na sasa siwezi kusema hivyo. Ukiwa na mzazi mwenye maradhi ya miguu, kile kiti ni dawa. Lipia.

Uwanja wa Honolulu una sehemu zisizo na kuta, unatembea upepo unakupiga. Mama akasimama katikati ya watu, akavuta pumzi. Joto, chumvi, majani mabichi. Pale pale uwanjani wanauza mashada ya maua ya kuvaa shingoni, na alipokaribia akanyanyua moja jembamba jeupe akalileta puani. "Asumini!" Ni asumini kweli, ile ile ya vikuba vyetu, wao wanaiita pikake. Muuzaji hakumwambia usiguse. Nikamnunulia mawili, akalala nayo pembeni ya mto. Kesho yake kwenye soko la mtaa wa Wachina akakuta magimbi, akakuta na mashelisheli, akawa anayabonyeza na kumweleza muuza kwa Kiswahili yapi yamekomaa. Nikamwambia kwao shelisheli ni huku Pasifiki, kwetu lililetwa. Hakuniamini. Siku zile sita zilikuwa nzuri kuliko nilivyothubutu kuomba.

Lakini kila nikimuona anacheka, nakiona kile kiganja.

Nikaandika malalamiko. Nanyi mkitendewa andikeni, msinyamaze, kwa sababu shirika la ndege Marekani limekatazwa na sheria kumbagua abiria kwa rangi, asili au dini. Ukilalamika kwa maandishi wanatakiwa kukiri wamepokea ndani ya siku 30 na kukujibu ndani ya siku 60, na unaweza pia kupeleka kwa Wizara ya Uchukuzi ya serikali kuu. Tajeni namba ya ndege, geti na saa. Mimi wakanijibu. Walisikitika kwamba safari "haikufikia matarajio" yangu, wakanizawadia maili, zile pointi za kukatia tiketi, kwenye akaunti. Matarajio yangu! Nilitarajia mtu asome tiketi. Jina la mama halikutajwa popote kwenye barua ile, wakati aliyekosewa ni yeye, na hizo maili hazijui wala hana akaunti ya kuziweka. Sijazitumia, na sitazitumia. Nikizisoma zile sentensi narudi pale pale, nasema hapana, senti yangu hawaipati tena. Halafu namkumbuka yule aliyechuchumaa, nashindwa kuapa.

Siku ya kurudi niliamka nikamkuta mama ameshavaa. Kisutu kile kile, nilidhani asingekivaa tena kwenye ndege. Alikuwa na ombi moja: hataki simu, anataka karatasi. Tulipofika uwanjani nikaenda kwenye mashine nikamchapishia bodingi pasi. Akaikunja mara mbili, akaifunga kwenye pindo la kanga, fundo lile la kufungia hela ya sokoni. Wakati wa kupanda ulipokaribia, kama nusu saa hivi kabla hawajaita mtu yeyote, akalifungua fundo, akainyoosha ile karatasi juu ya paja kwa kiganja mpaka mikunjo ikalala, akakaa ameishika mbele ya kifua kwa mikono miwili, maandishi yameelekea nje. Nikamwambia mama, bado, ipumzishe mikono. Akasema, "Wacha waione."

Dada wa getini aliisoma kutoka mbali, akamkaribisha. Mama akapita, kisha akairudisha ile karatasi kwenye pindo, akafunga fundo.