Miksa ndogo ya kurekodi nyumbani na kupigia jukwaani: ipi uchukue?

Ukiingia duka la vyombo vya muziki Kariakoo, au Luthuli Avenue kule Nairobi, ukaulizia miksa ndogo, muuzaji atataka kujua una bajeti gani, kisha unataka chaneli ngapi. Swali hilo la pili ndilo linalowaponza wengi. Miksa iliyoandikwa chaneli 10 mara nyingi ina nafasi za maiki nne tu. Zile sita zilizobaki ni jozi tatu za stirio, za kuchomekea kinanda, simu au kompyuta. Kwaya yenye maiki tano inalipia "chaneli kumi", inafika kanisani, na mmoja wao anakosa pa kuchomeka.

Hilo bado ni dogo. Mtu anayetaka mashine moja ifanye kazi mbili, Jumamosi ukumbini na Jumatatu chumbani kwenye kurekodi, aulize jambo moja kabla ya mengine yote: ni traki ngapi zinazokwenda kwenye kompyuta, kila moja peke yake? Miksa nyingi ndogo hupeleka mbili tu, kushoto na kulia. Sauti ya mwimbaji, gitaa, kinanda na ngoma vinaingia kwenye kompyuta vikiwa vimeshapikwa chungu kimoja. Gitaa likizidi, limezidi. Huwezi kulishusha kesho yake bila kumshusha na mwimbaji aliyekaa humo humo. Kwa podikasti ya mtu mmoja, au kwa anayerekodi ala moja moja kwa zamu, traki mbili zinatosha kabisa. Kwa kundi linalopiga pamoja, iwe bendi, kwaya au taarabu, hazitoshi.

Karatasi ya maelezo nayo isomwe kwa makini. Mackie ProFX10v3, kwa mfano, huandikwa USB 2x4. Ni miksa nzuri, lakini ile mbili ndiyo inayokwenda kwenye kompyuta. Nne ni zile zinazorudi kutoka kwenye kompyuta. Mtu akiona nne anadhani maiki zake nne zimepata traki zake. Hazijapata.

Na ipo USB ambayo si ya kurekodi kabisa. Miksa za bei rahisi zilizojaa madukani, zenye Bluetooth, kioo kinachowaka buluu na maandishi ya madoido 99, huwa na lile tundu bapa la kuchomeka flashi. Kazi yake ni kupiga nyimbo za MP3. Baadhi zinarekodi kwenye flashi hiyo hiyo, lakini zinachorekodi ni mchanganyiko uliokwisha. Tundu la kuunganisha na kompyuta kwa kawaida ni lile la mraba, kama la printa, au la USB-C kwa mashine mpya. Kwa hiyo igeuze mashine utazame kabla hujauliza bei.

Sasa nizipange, kuanzia ninayoipa nafasi ya kwanza kwa mwenye kazi zote mbili.

1. Zoom LiveTrak L-8

Hii ilitoka mwaka 2019 ikiuzwa karibu dola 400 Marekani, kwa hiyo si ya bei rahisi. Ukiagiza, ongeza usafiri na ushuru. Lakini ndiyo mashine ndogo pekee katika orodha hii inayorekodi bila kompyuta. Unaweka memori kadi, unabonyeza, na inaandika traki 12 kwa mpigo: chaneli zako kumi, kila moja peke yake, pamoja na mchanganyiko wa stirio. Ina nafasi sita za maiki. Ukiiunganisha na kompyuta, traki hizo hizo 12 zinapita kwenye USB.

Kwa nini naipa nafasi ya kwanza? Kwa sababu jukwaani laptopu ni mzigo. Inajisasisha katikati ya wimbo, chaji inaisha, mtu anaikwaa waya. Na umeme ukikatika, L-8 ina sehemu ya betri nne za AA, na pia inakubali pawabenki ya USB. Spika zitanyamaza, ndiyo, lakini ulichokwisha kurekodi hakitaponyoka, na mahojiano ya watu wawili yanaweza kuendelea gizani. Kwetu hilo si pambo. Betri hazikai siku nzima, hasa ukiwasha maiki za kondensa (zile zinazohitaji umeme kutoka kwenye miksa), basi zichukulie kama akiba.

Hesabu ya kadi ni hii: traki moja ya ubora wa biti 24 kwa 48 kHz hula kama MB 520 kwa saa, hivyo traki 12 ni kama GB 6 kwa saa. Mkesha wa saa nne unaingia kwenye kadi ya GB 32 na nafasi inabaki. Nunua kadi halisi, maana kadi bandia hukubali kuandikwa kisha usikute kitu.

Wanaofanya podikasti au kipindi cha mtandaoni watapenda vitu viwili zaidi. Unaweza kuchomeka simu na mgeni aliyeko Mwanza au Muscat akaongea bila kujisikia akirudi kama mwangwi, kwa sababu mashine yenyewe inaiondoa sauti yake kwenye kile anachorudishiwa. Pia wasikilizaji kadhaa wanaweza kuvaa hedifoni, kila mmoja na mchanganyiko wake.

Kasoro zake: bodi ni ya plastiki, na besi, kati na trebo havina visu (vile vitufe vya kuzungusha) vyake kwa kila chaneli. Unachagua chaneli kwanza, kisha unarekebisha. Spika ikianza kupiga mluzi mbele ya watu mia tatu, ile hatua moja ya ziada inaonekana ndefu. Fundi aliyezoea miksa za analogi, zisizo za kidijitali, ataisonya wiki ya kwanza.

2. Allen & Heath ZEDi-10FX, au Soundcraft Notepad-12FX

Nimeziweka pamoja kwa sababu zinajibu swali lile lile kwa njia ile ile: ni analogi, zina nafasi nne za maiki, na zote mbili hupeleka traki nne kwenye kompyuta. Kundi la watu wanne, au ngoma kwa maiki nne, linarekodiwa vizuri hapa. Kila chaneli ina visu vyake, unashika unachokitaka mara moja.

ZEDi-10FX ndiyo ningeichukua bei ikiruhusu. Allen & Heath ni kampuni ya Penryn, Cornwall, Uingereza, na jina lake kwa mafundi wa jukwaani ni kubwa. Chaneli mbili kati ya zile nne zinakubali gitaa moja kwa moja, bila boksi la kati. Gitaa la umeme likichomekwa kwenye tundu la kawaida la miksa hutoka limefifia, halina makali, na wapigaji wengi hulaumu nyaya za gitaa badala ya tundu. Notepad-12FX ni rahisi zaidi, na eko zake ni za Lexicon, ambao kwenye eko wana historia ndefu. Kwa kwaya, Notepad inatosha na chenji ikanunue maiki.

3. Yamaha MG10XU

Hapa nitabishiwa, maana hii ndiyo miksa ndogo utakayoikuta kila mahali, kuanzia harusini hadi kwenye mikutano ya injili. Ina nafasi nne za maiki, madoido 24 ya ndani, na kishusha kelele cha besi kinachokata chini ya 80 Hz, kinachosaidia sana pale upepo na mitetemo ya jukwaa vinapoingia kwenye maiki. Chaneli mbili za kwanza zina kompresa ya kisu kimoja: zungusha kidogo, mwimbaji anayenong'ona kisha akapayuka anakaa sawa. Bodi ya chuma. Nimeona zilizoanguka kutoka kwenye gari la mizigo zikaendelea kufanya kazi.

Kama jukwaa ndilo kazi yako na kurekodi ni ziada, ipandishe hadi namba moja. Hapa iko ya tatu kwa sababu USB yake hupeleka mbili tu. Na ina njia moja tu ya AUX, yaani njia ya pembeni ya kutolea sauti, ambayo ndiyo hiyo hiyo inayopeleka sauti kwenye eko. Waimbaji wakitaka spika ya kujisikilizia yenye mchanganyiko wao na wewe ukataka eko kwa wasikilizaji, utabanwa. Visu vyake vya sauti ni vya kuzungusha, si vile vya kusukuma juu na chini ambavyo mafundi huviita feda. Wengine hawajali. Mimi gizani napenda feda, kwa sababu nazijua zilipo kwa kidole.

Umaarufu wake umezaa bandia. MG10XU halisi haina Bluetooth wala tundu la flashi. Ukiona "Yamaha" yenye hivyo viwili na jina la MG10XU, muuzaji anakuuzia jina.

4. Yamaha AG03 na AG06

Za mtu mmoja au wawili. AG03 ina nafasi moja ya maiki, AG06 mbili. Zinakula umeme kutoka kwenye USB ya kompyuta, na zina swichi inayochanganya sauti ya maiki na muziki wa kompyuta kisha kuirudisha yote kompyutani, jambo wanalolihitaji wanaorusha vipindi moja kwa moja. Matoleo ya MK2 yalitoka 2022 na yana USB-C. Kwa shairi na gitaa kwenye mgahawa zinatosha. Kwa bendi, hapana.

5. Behringer Xenyx Q802USB

Pesa ikiwa kidogo kabisa, anzia hapa kuliko kwenye zile za kioo cha buluu. Nafasi mbili za maiki, kompresa zake, traki mbili kwenye kompyuta, haina eko. Angalia adapta: ina pini tatu za aina yake. Ikifa, duka la chaja za simu halikusaidii, utaagiza.

Nje ya orodha ipo Behringer XR18, isiyo na visu vya chaneli. Unaiendesha kwa tabuleti. Nafasi 16 za maiki na traki 18 kwenye kompyuta, ndani ya kiboksi unachokibeba kwa mkono mmoja. Kwa bendi kamili hakuna hapo juu inayoifikia. Sikuipanga kwa sababu Wi-Fi yake ya ndani si ya kuaminika ukumbi ukijaa simu, kwa hiyo lazima ununue ruta, na tabuleti, na fundi aliyetulia. Miksa zenye amplifaya ndani nimeziacha kabisa. Hizo ni za kuendesha spika zisizo na amplifaya, na kwa kurekodi hazifai.

Na kama huna mpango wowote wa jukwaa, usinunue miksa. Interfesi ya kawaida, yaani kiboksi cha kuingizia sauti kwenye kompyuta, kama Focusrite Scarlett 2i2 itakupa traki mbili safi, na itabaki hela ya maiki. Maiki nzuri kwenye miksa ya kawaida inashinda maiki mbovu kwenye miksa ya gharama. Maiki ya Shure SM58 halisi itaishi kuliko miksa tatu.

Ukishika mashine dukani

Nenda na maiki yako, hedifoni na waya wa XLR, ule wa maiki wenye pini tatu. Kwa iliyotumika, zungusha kila kisu huku unasikiliza. Kikikwaruza kidogo ni vumbi na husafishika, kikikata sauti kabisa acha. Chomeka kila tundu. Washa ile swichi ya volti 48 ujaribu kwa maiki ya kondensa, maana ndiyo sehemu ambayo wauzaji wengi hawajaribu.

Ukiletewa na ndugu kutoka Marekani, soma adapta au nyuma ya mashine kabla ya kuichomeka. Ikiandikwa 100-240V, badilisha plagi tu. Ikiandikwa 120V, umeme wetu wa 230 utaiunguza siku hiyo hiyo, na hakuna garanti itakayokusikiliza. Mombasa na Zanzibar ongeza kifuniko. Chumvi ya hewani inaingia kwenye matundu polepole.

Bajeti nayo isiishie kwenye miksa. Tenga pesa ya nyaya za XLR nzuri kwenda kwenye spika, kwa sababu zile za pini moja zenye ncha mbili tu hukusanya mvumo wa umeme zikiwa ndefu. Na waambie wote watakaoigusa: kuwasha, miksa kwanza kisha amplifaya, kuzima, amplifaya kwanza. Ule mshindo unaosikika mtu akikosea mpangilio huo unapita kwenye koni za spika zako.