Mazabodi ndogo kwa prosesa inayokula wati 230: yaliyonikuta na Ryzen 9 7950X

Kazi yangu ni kuedit video za harusi, naishi Dar ila kazi nyingi ziko nje, leo Unguja kesho kutwa Dodoma, na siku hizi mtu anataka klipu ya dakika moja usiku uleule kabla wageni hawajaondoka ukumbini. Laptopu zilishanichosha kwa joto, nikaamua nijenge kompyuta ndogo ya kubeba mgongoni lakini yenye nguvu ya mezani kabisa. Prosesa nilishaichagua kitambo, AMD Ryzen 9 7950X, kori 16, ilitoka 2022 kwa dola 699 nikavumilia mpaka bei iliposhuka. Kwenye mazabodi, yaani ile bodi kuu inayobeba prosesa na kila kitu, ndo nilipoumia, na naandika haya kwa sababu naona watu wanapita njia ileile.

Kwanza huo umeme. Kwenye maelezo utasoma wati 170, ila kwenye soketi ya AM5, yaani pale prosesa hizi za AMD zinapokaa kwenye bodi, prosesa ya daraja hilo inaruhusiwa kuvuta mpaka wati 230 ikibanwa, mkondo wa ampea 160 mfululizo na ikipanda ghafla inafika 225. Umeme unatoka kwenye pawa saplai ukiwa volti 12, prosesa inataka volti moja na kidogo tu, kwa hiyo kuna kitu kwenye bodi lazima kiushushe. Hicho ndo VRM, vile vijisanduku vya kijivu vilivyojipanga pembeni ya soketi. Kila kimoja na vichipu vyake wanakiita feizi, na feizi zinagawana mzigo. Ampea 160 zikigawanywa kwa feizi 10 kila moja inabeba 16, zikigawanywa kwa 5 kila moja inabeba 32, na joto la ukinzani halipandi mara mbili hapo, linapanda kwa mraba, yaani kila feizi inachemka mara 4. Hii hesabu ningeijua mapema ningeokoa pesa.

Bodi ya kwanza ilikuwa micro-ATX, ya sentimita 24.4 kwa 24.4, chipuseti (chipu inayosimamia bodi) A620, bei rafiki. Jina la kampuni naliacha. Muuzaji akaniambia soketi ni ileile kaka, itakubali tu, na kweli ilikubali, ikawaka, Windows ikaingia. VRM ilikuwa uchi, haina hata kipande cha alumini juu yake. Baadaye ndo nikasoma kwamba A620 AMD wenyewe waliilenga prosesa za wati 65.

Kukata klipu za kawaida sikuona tatizo lolote, tatizo likaja Unguja kwenye harusi, naeksipoti video ya 4K kwa mfumo wa kubana video wa H.265 kwa kutumia prosesa maana ubora wake naupenda kuliko wa kadi ya picha, dakika tatu za mwanzo inakwenda karibu gigahezi 5, halafu ikaporomoka mpaka 2 na kitu, ikapanda, ikaporomoka tena, na prosesa yenyewe iko digrii 60 tu kwa hiyo mimi nahangaika na feni na pampu bure. Kumbe inayolia ni bodi. Nilipofungua HWiNFO, programu ya kusoma joto la kompyuta, nikaona VRM iko juu ya digrii 110, na bodi ikifika huko inaipunguzia prosesa kasi ili VRM isiungue. Klipu ilitoka saa nane usiku. Bi harusi nilimtumia asubuhi na kuomba samahani, na hilo bado linaniuma.

Kuna jambo jingine sikulitegemea. Nilikuwa nimeweka kipoozeo cha maji nikidhani ndo nimemaliza habari ya joto, kumbe feni ya kawaida inayokaa juu ya prosesa inapuliza upepo mpaka kwenye VRM pia. Ukiweka maji, prosesa inapoa lakini pembeni ya soketi hakuna upepo tena. Ukitumia maji kwenye keisi ndogo hakikisha kuna feni inayoelekea upande ule.

Nikaanza upya na bodi ya Mini-ITX, sentimita 17 kwa 17, kwenye keisi ya Cooler Master NR200. Safari hii nilianza kusoma VRM kabla ya bei. Nilibakiwa na mbili, MSI MPG B650I Edge WiFi yenye feizi 8+2+1 na ASUS ROG Strix B650E-I yenye 10+2, maana yake 10 za kori na 2 za sehemu nyingine za prosesa. Zote zingetosha, nikachukua ya ASUS, jamaa anayefuata mizigo Dubai akaniletea. Ukiiwasha mara ya kwanza skrini inabaki nyeusi dakika kadhaa, usiizime, inajifunza RAM, ndivyo AM5 ilivyo.

Nina miezi saba nayo. Chumba changu hakina AC, mwezi wa pili Dar mnaujua, nikaibana wati 230 nusu saa nzima na VRM haikuvuka digrii 80. Prosesa inafika 95 lakini hiyo AMD wameipanga ifike hapo, usiogope.

Nikiwa safarini natumia Eco Mode, hali ya kupunguza umeme wa prosesa, kwenye BIOS (ukurasa wa mipangilio ya bodi), ile ya wati 105 ambayo kikomo chake halisi ni wati 142. Renda ya dakika 20 inakuwa 21 na kitu, na UPS inanivumilia zaidi umeme ukikatika. Kuna ya chini zaidi, wati 88, na kama utaishi hapo siku zote sikushauri bodi ya bei hii, ya kawaida yenye alumini juu ya VRM inatosha. Wa Intel nanyi i9-14900K ni wati 253, na bodi nyingi zilikuja na kikomo kikiwa wazi kabisa, ingieni BIOS mkiweke wenyewe.

Bei ni kubwa kuliko bodi pana za chipuseti hiyohiyo, hilo sifichi. Sehemu za RAM ni mbili tu, ila mimi halijanisumbua kwa sababu prosesa hizi ukiweka vijiti vinne spidi rasmi inashuka kutoka 5200 mpaka 3600. Kinachosumbua ni SSD ya pili, inakaa mgongoni mwa bodi. Ifunge kabla bodi haijaingia kwenye keisi, mimi nilifungua kila kitu upya, saa tano usiku, na maji yote yakiwa yameshafungwa.